Nguo Inapokataa Kukaa: Kurekebisha Pateni Kabla Hujakata Kitenge

Gauni lilikuwa la ayie, sherehe ya Kiluo ya kabla ya harusi. Mama mtu mzima, kitenge cha yadi sita alichonunua Busia, na pateni (karatasi za kukatia nguo) ya gauni lenye mshono kiunoni ambayo binti yake aliitoa kwenye intaneti. Nilipomvalisha mara ya kwanza niliona mikunjo imemjaa kifuani, nikafanya tunachofanya karibu sote: nikapunguza ubavuni. Alipolijaribu tena, mikunjo ikazidi. Nikapunguza tena. Mara ya tatu akaniambia, "Fundi, sasa hata kupumua siwezi, na bado linanipandia."

Ndipo nikamwomba asimame kando, nimtazame kwa ubavu. Mshono wa kiuno ulitakiwa umzunguke sawasawa kama maji kwenye karai. Kwa nyuma ulikuwa kiunoni. Kwa mbele ulikuwa umepanda inchi mbili nzima. Kifua kilikuwa kimekula urefu wote wa kitambaa cha mbele, na mimi nilikuwa nikihangaika na upana. Mshono unafumulika, lakini kitambaa ulichokwisha kukikata hakirudi. Kitenge kile nilikilipa.

Tangu siku hiyo, nguo ikikataa kukaa naanza kwa kuuliza urefu: mahali gani panahitaji kitambaa kirefu zaidi, na mahali gani pana kirefu kupita kiasi? Mara nyingi jibu liko hapo, na ubavu hauna kosa. Huu ndio utaratibu ninaoufuata hapa Kisumu, kuanzia karatasi hadi pindo.

Kwanza, karatasi yenyewe

Ukienda saiba kuprinti pateni, mwambie kijana aweke asilimia 100. Kompyuta ikiachwa ijiamulie, hupunguza kurasa ili ziingie vizuri kwenye karatasi. Pateni nyingi za Marekani zimepangwa kwa karatasi ya upana wa milimita 216, na A4 yetu ina 210. Ikibanwa iingie, unabaki na kama asilimia 97. Inaonekana kidogo, lakini nyonga ya inchi 40 inakuwa 38.8, na hapo umepoteza zaidi ya inchi moja kabla hujashika mkasi.

Kila pateni nzuri ina kisanduku cha kupimia kwenye ukurasa mmojawapo. Printi ukurasa huo peke yake kwanza, kipime kwa rula ngumu (tepu ya kitambaa huvutika ikizeeka), kikiwa sawa ndipo uprinti zilizobaki. Utalipia ukurasa mmoja badala ya arobaini.

Angalia pia kama nafasi ya mshono, yaani ukingo wa ziada unaobaki nje ya mstari wa kushonea, imo. Pateni za bahasha za Simplicity, McCall's na Butterick kwa kawaida zinayo tayari, inchi 5/8. Za jarida la Burda kwa kawaida hazina, unaongeza mwenyewe baada ya kunakili. Nimeona mtu akishona gauni zima la Burda bila kuongeza, kisha anailaumu cherehani.

Pili, vipimo vinavyochagua saizi

Sahau saizi ya lebo ya nguo za dukani au za mitumba, haina undugu na saizi ya pateni. Pima mwili, ukiwa na sidiria utakayovalia nguo hiyo. Funga lastiki nyembamba kiunoni, mtu ajipinde kidogo kulia na kushoto, lastiki itatulia pale kiuno kilipo kweli. Vipimo ninavyochukua ni hivi: kifua cha juu (tepu inapita chini ya makwapa, juu ya matiti), kifua kamili, kiuno, nyonga pale zinapojaa zaidi, urefu wa mgongo kutoka kwenye kifupa cha shingo hadi kwenye lastiki, na urefu wa mbele kutoka begani karibu na shingo, kupita kwenye ncha ya titi, hadi kwenye lastiki hiyo hiyo.

Hicho cha mwisho mafundi wengi hukiruka. Mimi ndicho kingeniokoa na deni la kitenge.

Saizi ya blauzi au gauni ichague kwa kifua cha juu. Mabega na shingo ni vigumu kurekebisha, kifua na nyonga ni rahisi. Mama mwenye kifua kikubwa akichaguliwa saizi kwa kifua kamili, atapata mabega ya mtu mwingine: shingo inafunguka, mabega yanashuka, na kwapa linaning'inia.

Halafu linganisha vipimo vya mwili na vipimo vya nguo iliyokamilika, ambavyo mara nyingi huandikwa kwenye pateni. Tofauti yake ndiyo nafasi ya kupumua. Kwa kitambaa kisichovutika kama kitenge, gauni la kukaa mwilini napenda liwe na inchi 2 hadi 3 zaidi ya kifua. Likiwa na 6, mbunifu alitaka liwe pana, usilikimbizie wembe.

Tatu, nguo ya majaribio

Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi utafute shuka la mitumba la pamba, lisilo la kuvutika, au nunua merikani. (Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ya vitambaa vya pamba vilivyoletwa Zanzibar karne ya 19 na meli za Salem, Massachusetts. Na huyo Ebenezer Butterick aliyeanza kuuza pateni za karatasi zenye saizi mbalimbali mwaka 1863 alikuwa fundi wa Sterling, jimbo hilo hilo. Kwa hiyo pateni na kitambaa cha kuijaribia vyote vimetoka upande mmoja.)

Usishone nguo nzima. Kata sehemu ya juu, na sketi hadi chini kidogo ya nyonga. Ondoa mifuko, kola na bitana. Zipu usiweke, funga kwa pini. Shona kwa mshono mrefu kabisa wa cherehani yako, na uzi wa rangi tofauti, ili ufumue bila kuchana.

Kabla ya kuunganisha vipande, chora kwa kalamu mistari hii kwenye kitambaa: katikati ya mbele, katikati ya mgongo, mstari wa kifua, wa kiuno na wa nyonga. Bila mistari hii utaona mikunjo tu. Ukiwa nayo, unaona mstari wa kiuno umepanda wapi na umeshuka wapi, na nusu ya kazi imekwisha.

Nne, kusoma mikunjo

Mvalishe mtu, asimame kama kawaida yake. Si kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Anza juu, mabegani, ushuke, kwa sababu bega likirekebishwa mikunjo mitatu ya chini inaweza kutoweka yenyewe.

Mkunjo uliovutika kama kamba huelekea mahali penye upungufu: ufuate hadi mwisho wake. Mkunjo uliolegea, unaoweza kuubana kwa vidole, unaonyesha kitambaa kimezidi. Ukiwa umelala ubavu kwa ubavu, kilichozidi ni urefu. Ukiwa umesimama wima, ni upana.

*Kamba zinatoka kwenye titi kwenda ubavuni, na kiuno kimepanda mbele.* Hii ndiyo ya yule mama. Pateni nyingi za kampuni kubwa zimechorwa kwa mtu ambaye kifua kamili kinazidi cha juu kwa inchi 2. Yeye alizidi kwa inchi 4. Alipungukiwa na inchi 2, na kwa kuwa pateni ya mbele ni nusu ya mwili, kila nusu inahitaji inchi 1. Unafanya hivi:

1. Weka karatasi ya mbele mwilini, tia alama mahali ncha ya titi ilipo. Usiamini alama ya pateni.
2. Kutoka alama hiyo chora mstari wa kushuka wima hadi chini, ukiwa sambamba na katikati ya mbele. Kutoka alama ile ile chora wa pili kupanda hadi kwenye mshono wa kwapa, kama theluthi moja kutoka chini ya kwapa. Wa tatu utoke ubavuni, upite katikati ya dati ya ubavuni (ule mkunjo wa pembe unaoshonwa ili kuipa nguo umbo), ufike kwenye alama.
3. Kata mstari wa kwanza na wa pili kwa mfululizo kutoka chini kwenda juu, lakini usimalizie pale kwapani. Acha karatasi kidogo ishike kama bawaba. Kata wa tatu kutoka ubavuni, uache bawaba kwenye ncha ya titi.
4. Sogeza upande wa ubavuni utoke nje hadi pengo kwenye ncha ya titi liwe inchi 1, na kingo za pengo la chini ziwe sambamba. Utaona dati ya ubavuni inafunguka yenyewe. Usiizuie, hapo ndipo umbo linapotengenezwa.
5. Sasa kipande cha upande wa katikati kimekuwa kifupi kuliko cha ubavuni. Kikate kwa mlalo chini ya titi, ukishushe hadi chini kulingane. Pengo hilo la mlalo ndilo urefu ambao kifua kilikuwa kinauiba.
6. Bandika karatasi nyuma ya mapengo yote. Chora dati upya, ncha yake ikome inchi 1 kabla ya ncha ya titi, au hata inchi 2 kwa kifua kikubwa. Dati ikifika kwenye ncha yenyewe, nguo inachongoka vibaya.

Inchi iliyoongezeka kiunoni unaweza kuila kwa dati ya chini au kuiondoa ubavuni. Hapa ubavu unaruhusiwa.

*Mkunjo umelala juu ya makalio, nyuma ya kiuno, kama mto mdogo.* Mgongo umeingia ndani na kitambaa cha nyuma ni kirefu mno. Bana mkunjo huo kwa pini katikati, uupunguze hadi uishe ubavuni. Mara nyingi ni nusu inchi hadi inchi moja. Kwenye karatasi kunja kiasi hicho hicho kwenye mstari wa kiuno, kisha nyoosha katikati ya mgongo kwa rula, maana itakuwa imepinda. Usiguse urefu wa ubavuni, la sivyo mbele na nyuma hazitakutana.

*Pindo la sketi limepanda nyuma, na mshono wa ubavuni umevutwa nyuma.* Makalio yanahitaji urefu. Kata pateni ya nyuma kwenye mstari wa nyonga kutoka katikati hadi karibu na ubavu, ifungue inchi moja au zaidi upande wa katikati, kisha nyoosha tena kwa rula. Kama pia inabana, ongeza upana kidogo na uikuze dati ya nyuma ili kiuno kibaki vile vile.

Wanawake wengi ninaowashonea wana haya mawili ya mwisho kwa pamoja, na mwanafunzi wangu huuliza: ukitoa inchi kiunoni na kuongeza inchi nyongani, si ni bure? Hapana. Jumla inabaki ile ile, lakini kitambaa kimehama kutoka pasipo na mwili kwenda penye mwili.

*Mkono ukiinuliwa, gauni zima linapanda.* Hapa karibu kila mtu hukosea. Mteja anasema kwapa linabana, fundi anachimba kwapa chini zaidi. Jambo linazidi kuharibika. Kwapa likiwa chini sana, mkono ukipanda unavuta ubavu wa nguo, kwa sababu hakuna njia nyingine. Koti la suti lililokatwa vizuri lina kwapa la juu, karibu na mwili, na mtu anashika kamba ya matatu bila shati kutoka. Kwa hiyo pandisha chini ya kwapa nusu inchi, na mkono wa nguo nao upande kiasi hicho hicho. Kama kinachobana ni nyama ya mkono wa juu, panua mkono wa nguo wenyewe: upasue wima katikati na mlalo chini ya kichwa chake, ufungue katikati, nundu ya juu ishuke kidogo.

*Mshono wa bega unalala nyuma.* Mabega yameelekea mbele, kama ya kila mtu anayeinamia simu au cherehani. Punguza nusu inchi kwenye bega la mbele upande wa mkono, ongeza nusu inchi nyuma, na alama ya juu ya mkono uisogeze mbele kiasi hicho.

*Shingo ya V inafunguka.* Bana kilichozidi, pima, kunja kiasi hicho kwenye karatasi kutoka shingoni kuelekea titi, uishilize pale. Kurekebisha kwa kuvuta utepe wa shingoni ni kujidanganya, kwani kwenye kitenge marinda yataonekana.

Suruali ni somo lake lenyewe. Ila kwa haraka: kamba zinazotoka msambani na kukwea kama tabasamu maana yake urefu wa mapitio, kutoka kiuno cha mbele kupita katikati ya miguu hadi kiuno cha nyuma, hautoshi. Kupanua nyonga hakutasaidia.

Tano, rudisha kila kitu kwenye karatasi

Rekebisha jambo moja, jaribu, kisha jingine. Nikifanya manne kwa mpigo sijui lipi lilisaidia. Ukimaliza, tembeza mishono: weka ukingo wa kipande kimoja juu ya mwenzake kwenye mstari wa kushonea, uusogeze kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ubavu wa mbele na wa nyuma ulingane, ukitoa dati. Kichwa cha mkono wa nguo kizidi shimo la kwapa kidogo tu. Pateni nyingi huacha inchi moja na nusu ya ziada, ambayo sufu huimeza vizuri, lakini kitenge ni kikavu, hakimezi. Mimi napunguza ibaki kama nusu inchi hadi robo tatu ya inchi.

Sita, sasa kitenge

Kiloweke kitenge kwanza, ukianike, ukipige pasi. Pamba hupungua, na ule mng'ao wa dukani ukitoka kitambaa kinabadilika tabia. Halafu kitandaze utazame maua yanaelekea wapi. Ndege akiruka juu kifuani na mwenzake akianguka kichwa chini mgongoni, hakuna marekebisho yatakayokusaidia. Kitenge kina upana wa kama inchi 45 tu, kwa hiyo panga vipande vyote kabla ya kukata hata kimoja.

Matatizo ya kushona yanayonirudia ni machache.

Shingo kupanuka. Mviringo wa shingo umekatwa kwa mshazari mahali fulani, na mshazari huvutika hata kwa kushikwa tu. Ukishakata, kabla hujafanya lolote jingine, pitisha mshono mmoja ndani ya nafasi ya mshono kuzunguka shingo, ukianza kila bega kwenda katikati. Baadaye, kipande cha ndani kinachomalizia ukingo wa shingo kisichungulie nje: kata vijimkato kwenye mviringo, laza nafasi ya mshono upande wa kipande cha ndani, uishone hapo kwa mshono mmoja karibu kabisa na ukingo, usioonekana kwa nje.

Ncha ya dati kutoa kinundu. Usirudishe mshono nyuma kwenye ncha. Punguza hatua ya mshono, toka polepole kwenye ukingo wa mkunjo mpaka sindano iingie hewani, acha nyuzi ndefu, zifunge kwa mkono. Kisha ipige pasi juu ya taulo lililoviringishwa, si juu ya meza iliyonyooka. Umetoka kutengeneza umbo la mviringo, kwa nini ulilaze tena?

Zipu kuwa na mawimbi. Kitambaa kilivutika wakati wa kushona. Bandika ukanda mwembamba wa kitambaa cha gundi kwa pasi pande zote mbili za uwazi, shona pande zote mbili kutoka chini kwenda juu, na usivute kwa mkono wa nyuma. Meno ya cherehani yanajua kazi yake.

Mshono kujikunja au kuruka. Kabla hujagusa skrubu yoyote, badilisha sindano. Namba 14 inatosha kitenge, 16 kwa denimu, 11 kwa vitambaa vyepesi. Kisha toa bobini, safisha vumbi, utunge uzi upya toka mwanzo. Mara chache sana nimelazimika kukaza au kulegeza uzi baada ya hapo.

Pasi ya makaa inafaa kabisa, wengi wetu stima ikipotea hatuna nyingine. Ila piga kila mshono kabla ya kuuvuka kwa mshono mwingine, na weka kitambaa cha pamba chenye unyevu kati ya pasi na nguo. Jivu moja likianguka kwenye kitenge cheupe, utalitazama mpaka siku ya kurudisha nguo.

Pindo ndilo la mwisho, hata kama mteja anasubiri nje na pikipiki inawaka. Sketi ya mduara au iliyokatwa kwa mshazari itundike usiku mzima, kwa sababu sehemu za mshazari zitashuka na za wima hazitashuka. Asubuhi mvalishe akiwa na viatu vya siku hiyo, pima kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka, tia pini, ndipo ukate. Yule mama wa ayie, gauni lake la pili lilitofautiana inchi moja na robo kati ya mbele na ubavu baada ya kulala limetundikwa.

Pateni yake naihifadhi kwenye bahasha ya kaki, vipimo na tarehe vimeandikwa juu kwa penseli. Akirudi nampima tena, nafuta, naandika upya.